Ziwani Nako Tufanye Mazoezi ya Kuigiza

Mwezi Februari 2025 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya mpango wa uzazi salama uitwao Safer Births, uliofanyika katika vituo 30 vya afya vya mikoa mitano: Mwanza, Geita, Shinyanga, Tabora na Manyara. Vifo vya akina mama kwenye vituo hivyo vilipungua kwa takriban asilimia 75. Vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 40. Ni dada zetu na shemeji zetu hao, na sehemu kubwa ya kazi iliyowaokoa ilifanywa na wakunga waliokuwa wakizalisha mdoli.

Mpango ulikuwa na mengine pia, kama vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni na utaratibu wa kila kituo kuzitazama takwimu zake chenyewe. Ila mimi nilivutwa na yale mazoezi. Muuguzi mmoja anajifunga mdoli wa kizazi tumboni, anakuwa mama. Analia, anasukuma, na kwa mkono wake anafungua damu ya bandia, kidogo au nyingi, bila mkunga kujua mapema. Mtoto wa plastiki hutoka hapumui. Mkunga ana dakika moja tu, ile wanayoiita dakika ya dhahabu, kumkausha, kumsugua na kumpa hewa kwa mfuko na barakoa. Asipoikaza barakoa vizuri, kifua cha mdoli hakinyanyuki na wote wanaona. Wakimaliza wanakaa na kuulizana: nani aliita msaada, dawa ya kuzuia damu ilikaa wapi, tulichelewa wapi. Mazoezi ni mafupi, yanarudiwa mara kwa mara, na yanafanyika palepale wodini, siyo hotelini kwenye semina. Mficha uchi hazai, na wakunga hawa wamekubali kuonekana wakikosea mbele ya wenzao ili wasikosee mbele ya mama.

Kwa hiyo nikimsikia mtu akisema kuigiza ni kupoteza muda, nasikitika kweli. Marubani waliligundua hili zamani. Edwin Link, Mmarekani, alitengeneza chombo chake cha kufundishia urubani mwaka 1929, sanduku lenye mabawa mafupi lililoinama na kugeuka bila kutoka ardhini. Leo hakuna rubani wa ndege ya abiria anayezimikiwa injini kwa mara ya kwanza akiwa angani na watu. Ameshazimikiwa mara nyingi ndani ya chumba.

Kazi yangu ni kamera, na huku uigaji una sura mbili. Simu za siku hizi hukadiria umbali wa kila kitu kilichomo kwenye picha, kisha hufifisha nyuma ya mtu ili ionekane kana kwamba imepigwa kwa lenzi kubwa. Mtazame bibi harusi mwenye shela ya nyavu, utaona programu ilipobabaika kwenye matundu na kwenye nywele. Kamera za Fujifilm zinaiga rangi za filamu, yaani mikanda ya kupigia picha, za kampuni hiyohiyo. Ile ya Velvia, iliyotoka mwaka 1990 na kupendwa kwa rangi zake kali, sasa ni chaguo ndani ya menyu. Sina ugomvi na haya kwenye harusi. Wenye picha wanataka kupendeza na kila mtu anajua. Ugomvi wangu ni pale mtu anapochomeka anga la machweo la nchi nyingine nyuma ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani hapa Mwanza, na kuirusha kama picha ya habari. Hapo mtazamaji hajaambiwa kwamba anaigiziwa.

Uigaji wa kamera ninaoupenda ni wa programu za mwenendo wa jua. Mwanza tuko karibu na ikweta, jua linashuka wima na mwanga ule mzuri wa jioni ni wa muda mfupi sana. Mahali linapozamia nako kunahama: Juni ni kaskazini mwa magharibi, Desemba ni kusini mwake, na tofauti ni kama nyuzi 47. Nikiwa nyumbani naona kwenye simu kwamba siku fulani litazama nyuma ya mwamba gani, ndipo nawaambia maharusi wafike saa ngapi Capri Point.

Wanasayansi wao wamefanya jambo kubwa zaidi: wamelifuta Ziwa Victoria. Wim Thiery na wenzake, kundi la Ubelgiji, waliiga hali ya hewa ya Afrika Mashariki kwenye kompyuta mara mbili, mara moja maziwa makuu yakiwepo na mara nyingine yameondolewa. Bila maziwa, mvua pale yalipokuwa maji ilipungua karibu nusu. Ziwa letu, kilometa za mraba zipatazo 68,800, linajitengenezea dhoruba zake lenyewe. Mchana nchi kavu inapata joto na upepo unavuma kutoka ziwani. Usiku mambo yanageuka, upepo wa pande zote unaelekea majini, unakutana katikati juu ya maji yenye joto, na mawingu yanapanda. Mwaka 2016 walionyesha kwamba dunia ikizidi joto, dhoruba kali za ziwani zitazidi. Hakuna namna nyingine ya kulijua hilo. Huwezi kulikausha ziwa kweli ili ujaribu.

Sasa fikiria nani yuko majini usiku: wavuvi wa dagaa na taa zao, tena usiku wa giza usio na mbalamwezi.

Ziwa hili limetuumiza. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Meli ilikuwa imepinduka na watu wako hai ndani. Lilipotobolewa tundu ili kuwatoa, hewa iliyonaswa ikatoka na meli ikaenda chini. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu 228 wakafa. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air iliangukia ziwani pale Bukoba ikiwa na watu 43; walipona 24, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Tunajua, basi, nani atafika kwanza. Ni mvuvi. Na mimi ninayepanda vivuko tangu utoto sijawahi kuambiwa nifunge jaketi okozi kwa mikono yangu, kamba kwa kamba, kabla nanga haijang'olewa. Wodi imepata mdoli wake, mwalo haujapata.

Ninachokiomba ni kidogo. Mtumbwi mmoja mkuukuu upinduliwe kwa makusudi mahali pa kina kifupi, vijana wanaojua kuogelea wawe abiria, wengine waigize waliozimia, na wavuvi waitwe kwa simu bila kuambiwa saa mapema. Wajifunze kwamba chombo kilichopinduka hakitobolewi hovyo. Kisha wakae chini kama wakunga na kuulizana. Tarehe 21 Mei tunapowakumbuka marehemu, baada ya sala, pangefaa zoezi. BMU, yaani vikundi vya kusimamia mialo, za Kirumba, Igombe na Kayenze zikikubali, nitakuja na kamera nirekodi kila hatua bila malipo, video iwekwe kwenye simu za wavuvi ili kundi litakalofuata lione wenzao walichelewa wapi.