Kemo ndiyo iliyommaliza?

Msibani Tukuyu, mvua ikinyesha kama kawaida yake, nilimsikia mama mmoja akisema: "Ugonjwa alikuwa anatembea nao vizuri tu. Kemo ndiyo iliyommaliza." Wenzake wakaguna kukubali. Nilinyamaza, maana nusu ya maneno yale ni kweli.

Kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, ni sumu, tusizipambe. Za mwanzo, miaka ya 1940, zilitokana na gesi ya haradali, silaha ya vita. Nyingi huzipiga seli zinapojigawa, na saratani hujigawa bila breki. Ila mashina ya nywele nayo hujigawa haraka, utando wa mdomo vilevile, na uboho unaotengeneza damu. Nywele zikidondoka, ni dawa ile ile inafanya kazi ile ile mahali isipotakiwa.

Mkulima wa Uyole hahitaji kuelezwa sana: palizi moja haimalizi magugu. Kila dripu huua sehemu tu ya seli, kisha mwili hupumzishwa, mara nyingi hadi siku ya 21, uboho ujijenge. Nauli ya kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, ikikosekana, dripu inarukwa na magugu yanapata msimu wao.

Halafu kuna homa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi, chembe nyeupe za damu hushuka sana. Joto likifika 38, nyumbani tunasema malaria: panadol mbili, blanketi, alale, kesho tutaona. Kumbe ni dharura ya usiku huo huo. Mwili hauna askari, na maambukizi yanaweza kumwondoa mtu upesi. Huenda ndicho alichokiona yule mama. Hakukosea kuona, ila kemo ilikuwa na mshirika, na mshirika huyo anazuilika kwa kuwahi hospitali.

Upande wa pili nao una haki yake. Limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi inayowapata watoto, inaweza kupona kabisa kwa kemo. Saratani nyingi zilizokwisha kusambaa hupunguzwa makali tu. Kuna familia inauza shamba la parachichi bila kuambiwa mgonjwa wao yuko kundi lipi, na hapo lawama yangu naipeleka kwa wenye makoti meupe.

Mzee mmoja wa Rungwe aliwahi kuuliza mbele yangu: "Daktari, hii ya mke wangu ni ya kuponya au ya kutuliza?" Daktari alifunga faili, akavuta kiti, akakaa.