Edmond Clément: je, santuri zinatosha kumpima?

Edmond Clément, tenori (mwimbaji wa sauti ya juu ya kiume) wa Kifaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1867 na kufariki Nice mwaka 1928, bado anawagawa wapenzi wa santuri za zamani. Wapo wasemao kwamba alikuwa na sauti ndogo, ya kufaa sebuleni kuliko jukwaani, na wapo wanaomtaja kama kielelezo cha uimbaji wa Kifaransa ambao leo haupo tena. Ajabu ni kwamba pande zote mbili zinategemea ushahidi wa santuri zilezile.

Wanaomkosoa wana hoja. Alianza Opéra-Comique, kampuni ya opera ya Paris, mwaka 1889 akiigiza Vincent katika Mireille, opera ya Gounod, akaitumikia kampuni hiyo kwa takriban miaka ishirini. Alipokwenda New York mwaka 1909 kujiunga na Metropolitan Opera, kampuni ambayo ukumbi wake mkuu ulikuwa na viti zaidi ya 3,000 na ambayo nyota yake ilikuwa tenori wa Kiitalia Caruso, alidumu msimu mmoja tu, kisha akaimba Boston kuanzia mwaka 1911. Kwao, hiyo ni dalili kwamba sauti yake haikuutosha ukumbi mkubwa.

Hata hivyo, santuri haziwezi kuamua ukubwa wa sauti, na hapa naona pande zote mbili zinateleza. Kabla ya maikrofoni kuingia studio mwaka 1925, mwimbaji alisimama karibu kabisa na pembe, yaani mdomo mpana wa mashine ya kurekodi uliokusanya sauti, na nguvu ya sauti yake yenyewe ndiyo iliyoisukuma sindano kuchora nta. Pembe ilizipokea vizuri sauti za tenori, ikasogeza karibu nasi kile ambacho ukumbini kilipaswa kuvuka okestra nzima. Kwa hiyo anayemtetea Clément hawezi kudai kwamba santuri inathibitisha kuwa sauti yake ilijaza ukumbi.

Kinachothibitishwa ni kitu kingine, nacho kwangu kina uzito zaidi. Sikiliza wimbo wa ndoto wa kijana Des Grieux kutoka Manon, opera ya Massenet, ambao Clément aliurekodi kwa kampuni ya santuri ya Victor. Kijana anafumba macho na kumsimulia mpenzi wake nyumba nyeupe msituni. Kuimba kwa sauti ya chini mbele ya pembe kulikuwa hatari, kwa sababu mikwaruzo ingeweza kuimeza, lakini Clément haongezi nguvu. Kila silabi inasikika, na sentensi ya muziki inapita bila kukatwa. Katika dueti (wimbo wa watu wawili) ya opera Les pêcheurs de perles aliyorekodi mwaka 1912 pamoja na Marcel Journet, mwenye sauti nzito ya besi, vilevile hashindani naye kwa nguvu. Huo ni ustadi ambao mashine haikuweza kumpa mtu.

Wanaomhukumu kwa santuri alizorekodi baadaye kwa kampuni ya Pathé pekee wanamwonea. Alizirekodi akiwa amekaribia au kupita miaka hamsini, na kampuni hiyo ilikuwa na desturi ya kunasa sauti kwanza kwenye silinda kubwa ya nta, kisha kuihamishia kwenye santuri, hatua ambayo ilipunguza ubora. Tena santuri nyingi za enzi hizo zilirekodiwa kwa kasi ya chini kuliko mizunguko 78 kwa dakika. Ukizipiga kwa 78 kamili, tuni, yaani kimo cha sauti, inapanda na sauti inakuwa nyembamba. Kabla ya kumwita Clément mwimbaji wa sauti nyembamba, ni haki kwanza kupunguza kasi ya gramafoni.