Bustani ya umma kando ya mto, watu walipe getini au waingie tu?

Mtu wa Arusha akienda Nairobi kupitia Namanga akapelekwa Arboretum, ile bustani ya miti ya umma, akirudi lazima aulize mbona sisi tuna mito ya Themi na Naura inakatiza mjini kabisa, maji ya Mlima Meru, na ukitaka kukaa pembeni ya mto kwa amani chini ya mti mara nyingi inabidi uingie hotelini ununue soda. Swali la haki kabisa. Na hapo hapo mwingine anadakia, sawa tujenge bustani, ila iwe na kiingilio la sivyo itaharibika ndani ya miezi. Hapo ndo ugomvi unapoanzia.

Mimi niko upande wa bure, lakini wanaotaka kiingilio wana hoja nzito na sioni vizuri kuwabeza.

Arboretum yenyewe ilianzishwa 1907, wakoloni wa Kiingereza wakijaribu ni miti gani ya kigeni inakua haraka ili wapate kuni za treni za Reli ya Uganda, maana injini za wakati ule zilikuwa zinakula kuni balaa. Leo ni kama hekta 30 za miti mikubwa jirani na Ikulu ya Kenya, mto Kirichwa Kubwa unapita, wengine wanakimbia mazoezi, wengine wako kwenye vikundi vya maombi, watoto wanafukuzana na tumbili. Getini unalipa. Na ukweli usemwe, pasafi, kuna walinzi, binti anaweza kukaa peke yake na kitabu chake bila kusumbuliwa. Hilo la usalama ndo kubwa kuliko yote, kwa sababu sisi hapa tunajua kichaka cha kando ya mto jioni kinakuwaje: vibaka na takataka. Mama hawezi kumpeleka mtoto sehemu kama hiyo hata iwe bure mara mia.

Sasa upande wa pili. Hela ndogo kwako siyo ndogo kwa kila mtu. Chalii wa bodaboda anayetaka kupumzika nusu saa mchana, dada anayeuza ndizi, familia ya watu sita kutoka mtaa wa Unga Limited, hao wakipiga hesabu ya nauli ya kifodi (daladala) kwenda na kurudi halafu na geti juu yake wanabaki nyumbani, na ndo hao hao ambao nyumbani hawana hata ua wa watoto kuchezea. Bustani inabaki ya watu wenye magari. Kwangu mimi hiyo siyo ya umma tena hata kama hati ni ya serikali.

Na Nairobi hiyo hiyo kuna mfano mwingine, Michuki Park, iko kwenye Mto Nairobi wenyewe, sehemu iliyokuwa jalala ikasafishwa 2008 chini ya John Michuki akiwa waziri wa mazingira (yule yule aliyelazimisha mikanda ya usalama kwenye matatu, daladala za Kenya). Pale unaona kwamba kusafisha mara moja hakutoshi, baada ya miaka ilichakaa ikabidi ikarabatiwe upya 2020. Wa kiingilio watasema mmeona? Mimi naona kilichokosekana ni hela ya matunzo ya kila mwezi, na geti siyo njia pekee ya kuipata. Toza maegesho, toza wanaopiga picha za harusi, kodisha kibanda cha chai, choo kilipiwe kama stendi. Anayekuja kukaa tu kwenye benchi muache.

Ila kuna watu ambao pande zote mbili tunawasahau, wanaolima mboga na kuosha pikipiki kando ya mto. Sheria yetu ya Tanzania ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, kwa hiyo siku bustani ikija watakaoondoka kwanza ni wao, na mita 60 hizo hizo zinatakiwa ziheshimiwe na bustani pia, siyo tunawatoa wakulima halafu tunamwaga zege na kujenga baa. Themi inashuka mpaka mto Kikuletwa na bwawa la Nyumba ya Mungu, kuna watu huko chini wanaitegemea. Kabla ya kubishania bei ya geti, halmashauri iwaite hao wakulima mezani, na ajira za kwanza za kutunza miti na kulinda wapewe wao.