Mnyamwezi Aliyeangushwa na Mzigo

Shemeji yangu, Mzaramo aliyemuoa dada yangu na kuhamia naye Minnesota, alinipeleka Grand Portage, kituo cha biashara ya manyoya kilichojengwa upya kando ya Ziwa Superior. Mwishoni mwa karne ya 18, Kampuni ya North West ilikuwa ikiwakutanisha hapo kila kiangazi mabwana wake wa Montreal na mawakala waliotoka bara kununua ngozi za biva, mnyama wa majini mwenye manyoya mazito, kwa Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na majirani zao. Ngozi hizo zilikwenda Ulaya kutengenezewa kofia. Watu walivunja migongo kwa ajili ya kofia!

Mhudumu aliyevaa kizamani, mshipi mwekundu kiunoni, alituonyesha robota la ngozi lenye uzito wa takribani kilo 41, akaeleza kuwa wapagazi walibeba marobota mawili kwa pamoja, kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, katika njia ya karibu kilomita 14. Hapo ndipo domo lilipoponza kichwa. Nilimweleza kwamba mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, kwamba wazee wangu walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, na kwamba robota moja ni mzigo wa watoto. Alinishauri nianze na kapu tupu, nikalikataa. (Nilisahau kwamba wazee wangu walibeba begani, na kwamba mimi ni mhasibu.)

Hatua ya kwanza ilikuwa ya kishujaa, ya pili ikaenda kinyumenyume bila ridhaa yangu, na ya tatu sikuipiga kabisa, kwa sababu robota lilikwisha kutangulia chini likinivuta kwa paji la uso, nikabaki chali juu yake kama kobe, huku watalii wakipiga makofi kwa kudhani ni sehemu ya maonyesho.

Mhudumu alikimbilia kuniinua, lakini shemeji akamzuia kwa adabu. Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za misafara, na mtani akikukuta chini ana haki zake.

"Mbuzi mmoja, shemeji, ndipo uinuke."

"Shemeji, shingo yangu!"

"Basi wawili."

Mhudumu aliuliza tunazungumza nini. Alipoambiwa kuwa tunapatana bei alionekana kuridhika, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mahali pale. Tulikubaliana jogoo.

Jioni mama alipiga simu kutoka Tabora. Hakuuliza habari za shingo. Alitaka kujua ni jogoo wake yupi niliyemuuza.