Kukata mfupa mzima kwa ajili ya kifundo kinachouma

Mgonjwa akiambiwa kwamba maumivu ya kifundo cha mkono yatatibiwa kwa kukata na kufupisha mfupa wa kigasha, hushtuka, na haki anayo. Panapouma ni karibu na kiganja. Alna, mfupa wa upande wa kidole cha mwisho, haina ufa wala ugonjwa; kosa lake ni kuizidi radiasi, mfupa wa upande wa kidole gumba, kwa milimita chache. Wanaopinga huuliza: kwa nini ujeruhi kizima?

Swali ni zuri, ila linapuuza uzito. Mwaka 1984 watafiti Palmer na Werner walipima mikono ya maiti. Urefu wa mifupa ukiwa sawa, radiasi ilibeba takriban 80% ya mzigo na alna 20%. Alna ikirefuka kwa milimita 2.5 tu, sehemu yake ilipanda hadi karibu 42%. Ikifupishwa kwa kiasi hichohicho, ilishuka hadi karibu 4%. Yaani tofauti ambayo jicho haliioni hata ukiweka mikono yote miwili mezani huongeza mzigo wa alna maradufu, na mzigo huo unaikandamiza gegedu ya pembetatu, ambayo katikati ni nyembamba, na nyuma yake lunati, mfupa mdogo wa kifundo. Kila ukishika kitu kwa nguvu huku ukizungusha mkono, msago unarudiwa. Kwa hiyo anayekata alna hatibu alna. Anaipunguzia jirani yake mzigo.

Wapinzani wana hoja nyingine, nzito zaidi ya ile ya kwanza. Wako watu wengi wenye alna ndefu wasioumwa kamwe. Kipimo chenyewe hubadilika kwenye eksirei kulingana na mkono ulivyogeuzwa na unavyokaza ngumi, kwa hiyo picha moja isiyopigwa kwa utaratibu haitoshi kumpeleka mtu chumba cha upasuaji. Bamba la chuma linaloshikilia mfupa uliokatwa husumbua chini ya ngozi na huenda likahitaji kutolewa. Mfupa wa mvutaji sigara huchelewa kuunga. Kufupisha kupita kiasi nako kuna madhara: tangu 1928 daktari Hultén aliona alna fupi ikiandamana na ugonjwa wa Kienböck, unaoua lunati.

Kwa hiyo kupumzisha mkono, bendeji ngumu na sindano vitangulie. Kwa uharibifu mdogo, kukwangua ncha ya alna bila bamba kunaweza kutosha.

Lakini kungoja nako kuna mwisho wake. Kiungo kati ya alna na radiasi kikishachakaa, kufupisha hakukirudishi, na kunaweza kukiongezea shinikizo. Kinachobaki mara nyingi ni kukiondoa kichwa cha alna, njia ya Darrach, au kukigandisha kwenye radiasi kwa njia ya Sauvé na Kapandji. Mgonjwa anayeambiwa "ngoja" aambiwe pia ni mlango upi unaofungwa akingoja, na apigwe picha tena kabla haujafungwa.