Kola yenye sumu

Jamani nimekaa siku kadhaa najiuliza niandike au nife nayo, ila gauni limeshaharibika na heshima imeenda nalo, kwa hiyo acha tu niseme.

Iko hivi, mimi ni mpenzi wa zile gemu za Kijapani za kusoma, yani hukimbii wala hurushi mpira, unasoma stori kama riwaya, picha zinabadilika, wahusika wanaongea Kijapani huku chini kuna maandishi ya Kiingereza, kila baada ya muda unaulizwa utajibu nini, ukijibu vizuri mkaka wa watu anakupenda, ukijibu vibaya unaweza ukafa. Rafiki yangu kaniazima Switch yake, kile kimashine cha gemu cha Nintendo, ndani kuna gemu inaitwa Collar x Malice, ilitoka Japan 2016 ila kwenye Switch imekuja 2020. Wewe ni Ichika Hoshino, polisi mdogo tu pale Shinjuku, Tokyo, kuna kundi linajiita Adonis linafanya mauaji na kuhesabu siku kuelekea X-Day yao, sasa usiku mmoja unashambuliwa, kuja kushtuka umefungwa shingoni kola, yani mkanda kama wa mbwa, ina sumu ndani. Ndio unaanza kupeleleza ukiwa na wanaume watano, na wote wazuri, sijui polisi wa hivyo wanaajiriwa wapi maana mimi polisi ninayemjua vizuri ni baba mdogo, sajenti mstaafu, na kitambi chake.

Kuna Enomoto, kelele nyingi na mapenzi ya masamurai. Kuna Okazaki, mlinzi wa viongozi lakini muda wote kasinzia. Kuna Sasazuka wa mambo ya kompyuta, kutwa anakula donati, mdomo mchafu, anakuita paka mjinga, na mimi kati ya wote nikaenda kumpenda huyo, msiniulize.

Sasa kesi zenyewe ni nyingi, tarehe, nani kauawa, nani alikuwa wapi, nikaona kichwa hakibebi, nikachukua kaunta buku nikawa naandika. Nawapa baadhi ya niliyoandika. Enomoto, nimeshamaliza naye, ana moyo mzuri. Okazaki, mwisho mbaya, nitamrudia usiku. Sasazuka, HUYU, kwa gharama yoyote. Yanagi, hapatikani mpaka niwamalize wengine wote. Halafu ukurasa wa mbele kwa kalamu nyekundu, KOLA INA SUMU. ADONIS WANASIKIA KILA KITU. NIKIROPOKA NAKUFA.

Hilo daftari nililisahau chini ya mto nikaenda kazini, ilikuwa Alhamisi.

Mama akaja kubadilisha shuka. Mama yangu huyu, ambaye tokeni za luku mpaka nimsomee mimi eti herufi ndogo, daftari akalisoma lote.

Narudi jioni nakuta geti limefungwa na kufuli, sio kawaida. Mama ananifungulia kavaa mifuko ya mkate mikononi. Nyuma yake kwenye kamba naona blauzi zangu zote zinachuruzika maji, mashati ya kazini yana mabaka meupe kama ng'ombe, na katikati pale gauni langu la sendoff ya binamu, la bluu bahari, kitambaa elfu arobaini na tano fundi elfu thelathini, shughuli yenyewe Jumamosi, limepauka kuanzia shingoni mpaka kifuani. Ndoo tatu za dawa ya madoa! Tisheti zangu hata moja haikuguswa, na hapo ndio akili ikanirudia, tisheti hazina kola.

Sebuleni kakaa baba mdogo, katoka Morogoro na basi la mchana.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba," kwa sauti ya chini kabisa, halafu akaweka kidole mdomoni. Akanisogezea karatasi kaandika, WANATUSIKIA SASA HIVI?

Nikasema nani? Akanionyesha taa ya juu. Redio ya mama alishaitoa betri, iko mezani imefunguliwa mgongo kama kuku. Nikapindua karatasi, nyuma kuna orodha, Enomoto kauawa lini, mwili uko wapi, Okazaki ana mke?

Aisee nilicheka mpaka nikakaa chini, na huko kucheka ndio kosa, mama akaanza kulia eti sumu imeshapanda kichwani.

Ikabidi niilete Switch, nikawaonyesha mmoja mmoja. Mama kaangalia weee.

"Kwa hiyo hawa ni katuni."

"Ndio mama."

"Na huyu wa kwa gharama yoyote?"

"Naye."

Akavua mifuko ya mkate taratibu. "Miaka ishirini na nane. Wanaume watano. Wote katuni." Akaenda kupika ugali wala hakusema tena, na mjue mimi ningependelea angefoka.

Sendoff nilienda hivyo hivyo na mtandio kifuani, joto la Dar mnalijua, na kila picha ya ukumbini niko pale nimejifunika kama nina homa.

Baba mdogo karudi kwake Jumapili. Jana saa nne usiku simu inaita, yeye, nikajua kuna msiba.

"Huyo Yanagi," anasema, hata salamu hamna, "mbona hapatikani mpaka wengine waishe? Mimi kazi nimefanya miaka thelathini, anayefichwa ndiye wa kumkamata."

Nikamwambia baba mdogo bado sijamfikia, na siwezi kuendelea maana daftari langu silioni.

"Ninalo mimi. Hicho ni kielelezo, hakitoki mpaka kesi iishe."