Kigingi cha ng'ombe na yai la kitwitwi

Wapo wanaotaka ng'ombe waondolewe kabisa kwenye fukwe za Unguja na Pemba ili ndege wanaotaga mchangani wasalimike. Wengine wanasema ng'ombe, kwa kula majani, ndiye anayeuweka ufukwe wazi. Kila upande umeshika nusu ya jambo.

Kitwitwi wa paji jeupe, mmoja wa ndege hao, hajengi kiota. Huparua kishimo juu kidogo ya mstari wa bamvua, yaani pale maji makubwa yanapoishia, akataga mayai 2 au 3 yenye rangi ya mchanga wenyewe, kisha akayalalia karibu mwezi mzima. Ukanda huohuo ndio wenye ukoka, na ndipo mfugaji anapopigilia kigingi. Kamba ya mita 5 humpa ng'ombe duara la mita za mraba 78 hivi. Kinachosahaulika ni kamba yenyewe: ng'ombe akizunguka, inaburuta na kufagia hata pale ambapo kwato hazikukanyaga. Ndege akishtuliwa mara kwa mara hukaa mbali, mayai yanapigwa jua, na kunguru wa India anayaona.

Utafiti uliochapishwa 2015 kuhusu mlango wa mto Ribble, Uingereza, unaupa nguvu upande wa kwanza. Hatari ya viota vya ndege mmoja wa pwani mwenye miguu myekundu kukanyagwa ilikadiriwa kupanda kutoka asilimia 16 penye ng'ombe 0.15 kwa hekta hadi asilimia 98 penye 0.82. Hapo hajatimia hata ng'ombe mmoja kwa hekta! Lakini ndege yule huficha kiota ndani ya majani. Wa kwetu anataka peupe, amwone adui kwa mbali. Kwa hiyo somo la kwato tulichukue, la majani tuliache kulekule.

Hoja ya pili ina uzito nyuma ya ufukwe tu, kwenye ukoka na vichaka. Mchanga mtupu husafishwa na upepo na mawimbi bila msaada wa ng'ombe.

Marufuku, kwa maoni yetu, ingemuumiza mwenye ng'ombe wawili bila sababu, maana ng'ombe wa kamba huelekezeka. Kabla ya kupigilia kigingi, simama mbali utazame. Kitwitwi akikimbia huku akiburura bawa kama aliyevunjika, yai liko karibu; rudi nyuma. Kamba ya mita 5 hufungwa shingoni, na kiwiliwili huongeza kama mita 2, hivyo kigingi kikae mita 10 kutoka kwenye kishimo, upande wa bara. Makinda wakishaanguliwa huondoka kishimoni siku ileile au ya pili yake, na ukoka uliopumzika mwezi mzima unabaki wa ng'ombe.